Kuongeza maneno ya Kiingereza kwa kufuata shughuli zako, kuanzia Kivuko cha Likoni hadi jikoni

Maswali ninayoulizwa hapa Mombasa kuhusu kujifunza Kiingereza ni yale yale. Kijana wa tuktuk anayetaka kazi hotelini Bamburi huniuliza, "Nikariri maneno mangapi kwa siku?" Dada anayeuza leso na vikoi Mji wa Kale huniuliza, "Mbona neno nalijua nikiwa nyumbani, mteja akisimama mbele yangu linapotea?" Na kuna mzee wa makamo, aliyeacha shule darasa la saba, ambaye hunivuta kando na kuniuliza kwa sauti ya chini kama umri haujampita. Nimechoka kujibu kwa vipande nikiwa nimesimama juani, kwa hivyo nimeyaandika yote hapa.

Jibu fupi ni hili: acha kukusanya maneno, kusanya shughuli. Neno lijifunze pale unapolihitaji, likiwa ndani ya sentensi yake.

Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa na daftari nililoligawa katikati, kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza, maneno 400 na zaidi. Nikapata kibarua cha kuwatafutia wageni mashua ya kwenda kutazama matumbawe. Siku moja nikamwambia mgeni tunaondoka "at two o'clock". Moyoni nilikusudia saa mbili asubuhi. Yeye akaja saa nane mchana, kofia kichwani, amejipaka mafuta ya jua, na nahodha ameshafunga mashua amelala kivulini. Neno "two" nilikuwa nalijua tangu chekechea! Ila sikuwahi kulijifunza ndani ya shughuli ya kupanga saa na mtu anayehesabu siku kuanzia usiku wa manane, si kuanzia jua linapochomoza kama sisi.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo linaloingia mfukoni. Kubwa utaliacha nyumbani.
- Kalamu, na simu yenye kinasa sauti. Simu nyingi zinacho tayari.
- Kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, ile inayoeleza neno kwa Kiingereza chepesi na kutoa mfano wa sentensi. Ya Kiingereza kwa Kiswahili iwe ya pili, ya kukuondolea wasiwasi.
- Kartoni za maboksi ya biskuti, zilizokatwa vipande vya ukubwa wa kadi za karata, na boksi moja la viatu.
- Mtu mmoja wa kuzungumza naye. Si lazima akushinde.
- Dakika 25 kwa siku. Anayeniahidi muda wa saa tatu kila Jumamosi huwa simuoni tena mwezi wa pili.

Hatua ya 1: Igawe siku yako, kisha chagua shughuli tano

Kaa jioni uandike ulichofanya tangu kuamka. Usiandike "mambo ya nyumbani", hiyo ni bahari isiyo na mwisho. Andika "kupika wali wa nazi", "kufua na kupiga pasi", "kumtayarisha mtoto aende shule". Usiandike "safari", andika "kuvuka feri", "kupanda matatu ya Mtwapa", "kubishana nauli na makanga".

Chagua tano unazozifanya mara nyingi, kisha katika hizo tano chagua moja ya kuanzia wiki hii. Iwe unayoifanya kila siku, ili neno likutane nawe kesho na keshokutwa bila wewe kulitafuta. Ukianza na "mahojiano ya kazi" wakati mahojiano yenyewe huna, maneno yatalala daftarini yaote ukungu.

Hatua ya 2: Andika kwanza unachosema kwa Kiswahili

Karibu kila mtu huiruka hatua hii, na ndiyo inayofanya kazi yote. Usikimbilie kamusi. Nenda kwenye shughuli yenyewe na masikio wazi, usikilize wewe na wenzako mnasema nini hasa, kisha uandike sentensi kumi kama zilivyo.

Tuchukue feri ya Likoni asubuhi, watu wamebanana kwenye mteremko wakingoja mlango ufunguliwe. Yanayosemwa pale ni kama haya:

Feri imejaa. Tungoje inayofuata. Usinisukume, ndugu yangu. Shika mkono wa mtoto. Nimechelewa kazini. Leo kuna msongamano. Jua kali. Watu kwa miguu hawalipi, magari ndiyo yanayolipa. Nitashuka, halafu nipande matatu. Nikifika nitakupigia.

Hayo ndiyo maneno yako. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa mji mwingine kingekufundisha treni ya chini ya ardhi na theluji, na wewe uko Likoni jasho linakutiririka.

Hatua ya 3: Tafuta Kiingereza cha sentensi, si cha neno

Sasa fungua kamusi, au muulize anayejua. Uliza hivi: "Mwingereza akiwa mahali hapa angesemaje?" Usiulize "neno fulani ni nini kwa Kiingereza?" Sentensi zetu za feri zitatoka hivi:

- Feri imejaa: "The ferry is full."
- Tungoje inayofuata: "Let's wait for the next one."
- Usinisukume: "Please don't push."
- Nimechelewa kazini: "I'm late for work."
- Leo kuna msongamano: "It's very crowded today."
- Watu kwa miguu hawalipi: "Pedestrians don't pay."
- Nikifika nitakupigia: "I'll call you when I get there."

Tazama "late for work". Ukitafsiri "kazini" peke yake utasema "late at work", na msikilizaji ataelewa kwamba ulibaki kazini hadi usiku. Tazama pia kwamba katika "nitakupigia" hakuna kupiga kokote. Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotutega, na nitakaa kidogo.

Kiswahili kina vitenzi vibebaji, kimoja kinabeba mizigo kumi. Kiingereza huupa kila mzigo kitenzi chake. Chukua "piga". Simu ni "call". Pasi, kitenzi chenyewe ni "iron". Picha ni "take". Mswaki ni "brush your teeth". Deki ni "mop". Hodi ni "knock". Kelele ni "make noise". Chafya ni "sneeze", miayo ni "yawn", magoti ni "kneel", kura ni "vote". Katika yote hayo, "hit" haimo hata mara moja. Aliyeandika daftarini "piga = hit" akafunga ukurasa ameongeza neno moja tu, tena lile analolihitaji kwa nadra, Mungu apishe mbali.

"Funga" ni vivyo hivyo. Mlango ni "close", na kwa ufunguo ni "lock". Kamba ni "tie". Mkanda wa gari ni "fasten". Bao ni "score". Ramadhani ni "fast". Zawadi ni "wrap", na sanduku la safari ni "pack". "Panda" nayo: matatu ni "get on", tuktuk ni "get in", mnazi ni "climb", mbegu ni "plant", na bei ya unga ikipanda ni "go up".

Sifa pia zina tabia hiyo. Hebu fikiria "kali": pilipili ni "hot", kisu ni "sharp", mwalimu ni "strict", mbwa ni "fierce", dawa ni "strong". Ukisema "a sharp teacher" umemsifu kwamba ana akili nyepesi, na pengine hukukusudia kumsifu.

Kwa hivyo fanya hivi: kila unapokutana na kitenzi kibebaji kwenye sentensi zako kumi, kipe ukurasa wake nyuma ya daftari. Usiujaze siku hiyo hiyo. Acha shughuli ziujaze. Leo "piga simu" imetoka feri, wiki ijayo "piga pasi" itatoka nyumbani. Baada ya miezi miwili ukurasa wa "piga" utakuwa na thamani kuliko kitabu ulichonunua.

Angalia: neno "kuazima" limewaangusha wengi. Kwetu linakwenda pande zote mbili, naazima kalamu kwako, na wewe waniazima. Kiingereza kina maneno mawili. Anayechukua "borrows", anayetoa "lends". Sema "Can I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?" Ile "borrow me your pen" naisikia mpaka kwa watu wenye vyeti ukutani.

Hatua ya 4: Shika kitu huku ukisema neno lake

Hatua hii hufaa zaidi nyumbani, na jikoni ndiko kuliko na utajiri. Andika vibandiko ukipenda, lakini vibandiko vya majina peke yake havitoshi: utaishia kujua "pot", "spoon", "knife", usiweze kueleza unapika nini. Bandika kitendo pamoja na kitu.

Tupike wali wa nazi. Unavunja nazi, "crack the coconut". Unaikuna kwenye mbuzi, "grate it". Unatia maji vuguvugu, "add warm water". Unakamua, "squeeze". Unachuja kwa kifumbu, "strain the milk". Unaosha mchele, "rinse the rice". Unatia chumvi kidogo, "a pinch of salt". Tui likianza kuchemka, "bring it to the boil". Unapunguza moto, "turn down the heat". Unafunika, "cover it". Unaacha upikike polepole, "let it simmer". Maneno kumi na moja, na chakula kiko tayari. Sema kila moja kwa sauti mkono ukiwa kazini. Watoto watakucheka siku mbili, ya tatu watakuwa wanakusahihisha.

Jikoni pia utaona upande wa pili wa mtego. Sisi tuna mpunga shambani, mchele dukani, wali kwenye sahani. Kiingereza cha kila siku kina "rice" tu, basi. Usihangaike kutafuta mengine, sema "cooked rice" ukihitaji kutofautisha. Kinyume chake ni nazi. Mgeni anaweza kuagiza "coconut milk" akidhani ataletewa dafu, na mhudumu akashangaa kwa nini mtu anywe tui. Tui ni "coconut milk", maji ya dafu ni "coconut water". Kwa anayeuza madafu pale Mama Ngina, tofauti hii ni pesa.

Kuharibika kwa chakula kuna msamiati wake. Nyanya zimeoza: "rotten". Tui limechacha: "It's gone off", na samaki au maziwa ni hivyo hivyo kwa Waingereza. Mkate wa jana uliokauka: "stale".

Hatua ya 5: Beba na adabu yake

Nimeiweka peke yake kwa sababu watu wazuri huonekana wakorofi bila kujua. Kwetu "nipe maji" au "niletee chai" si ufidhuli, sauti na uso vinabeba heshima. Kiingereza huweka heshima ndani ya maneno. "Give me water" husikika kama amri. Sema "Can I have some water, please?" Kwa makanga anayesahau chenji yako, "Can I have my change, please?"

"Pole" haina mwenzake mmoja. Mtu akijikwaa mbele yako, tumezoea kumwambia "sorry", na mgeni atajiuliza umemkosea nini. Muulize "Are you all right?" Mgonjwa mwambie "I hope you feel better soon." Aliyefiwa, "I'm sorry for your loss." Na "pole na kazi"? Hawana. Tabasamu, uulize "Busy day?"

"Karibu" nayo imegawanyika. Mlangoni ni "Come in", mezani ni "Help yourself", dukani ni "Can I help you?", na ukishukuriwa ni "You're welcome". Yule dada wa leso nilimwandikia hizi nne tu kwenye kartoni akaiweka chini ya meza yake. Wiki iliyofuata hakuniuliza tena swali lake.

Kwa sokoni, Kongowea au Marikiti, jifunze kuomba kupunguziwa bila kupigana: "Can you give me a better price?" Na vipimo vyake: fungu la nyanya ni "a pile of tomatoes", gunia ni "a sack", chana la ndizi ni "a bunch of bananas", mkate mmoja ni "a loaf of bread". "One bread" achana nayo.

Hatua ya 6: Tengeneza kadi, zigawe kwenye boksi

Boksi la viatu ligawe vyumba vitatu kwa kartoni. Mbinu hii aliieneza mwandishi wa habari wa Kijerumani, Sebastian Leitner, mwaka 1972, yeye akitumia vyumba vitano. Mimi naona vitatu vinatosha mtu mwenye watoto na kazi.

Mbele ya kadi usiandike neno la Kiswahili. Andika hali: "Uko sokoni, nyanya zimeoza upande mmoja. Mwambie muuzaji." Nyuma: "These tomatoes are rotten on one side." Au mbele: "Mgeni amekuuliza mashua inaondoka saa ngapi. Ni saa mbili asubuhi." Nyuma: "At eight in the morning." Kadi hiyo ya pili niliiandika mimi kwa uchungu.

Kadi mpya zote zikae chumba cha kwanza, uzipitie kila siku. Uliyoiweza bila kuchungulia iende cha pili, utaitazama kila baada ya siku tatu. Ukiiweza tena, cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosea, hata kama iko cha tatu, irudi cha kwanza bila huruma.

Na hapa ndipo jibu la kijana wa tuktuk: kadi tano mpya kwa siku, siku tano za wiki. Jumamosi na Jumapili usiongeze, pitia tu. Ukijaza ishirini kwa siku, wiki ya tatu boksi litakuwa zito hata kulitazama hutaki.

Hatua ya 7: Cheza shughuli nzima na mwenzako

Mmoja awe mteja, mwingine muuzaji. Dakika tano, bila kusimama, bila Kiswahili. Kisha mbadilishane. Jirekodini kwa simu. Ukisikiliza utajua ulipokwama, na pale ulipokwama ndipo kadi zako mpya za kesho zilipo.

Kliniki ni zoezi zuri kwa sababu lina mitego mingi mahali pamoja. "Mkono" wetu kwao umekatwa mara mbili: kuanzia kifundo kwenda vidoleni ni "hand", juu yake ni "arm". "Mguu" pia, "foot" na "leg". Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Kichwa kikiuma, "I have a headache". Kizunguzungu, "I feel dizzy". Neno "homa" liangalie sana: wengine wakisema homa wanakusudia mwili kupata joto, ambayo ni "fever", wengine mafua, ambayo ni "a cold". Daktari atakupa dawa kulingana na ulilosema, kwa hivyo amua kwanza unaumwa nini kwa Kiswahili.

Usiende peke yako kwenye hatua ya nane kabla ya kuchoka na hii. Shughuli moja ichezwe walau mara nne.

Hatua ya 8: Itoe nje

Tafuta sehemu inapotumika kweli. Mhudumu anayo meza yake, dereva anao abiria wake. Asiye na kazi ya wageni asome maandishi ya mjini: mabango ya barabarani, menyu, maelezo yaliyobandikwa Fort Jesus. Ukishasoma pale habari za ngome kuzingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, hutasahau "siege", maana umesimama ndani ya kuta zenyewe. Ukitoka jieleze kwa sentensi tatu ulichokiona, kwa sauti, hata kama ni kwenye tuktuk. Madereva wetu wamesikia makubwa kuliko hayo.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuamini kwamba neno linalofanana lina maana moja. "Safari" imetoka kwetu ikaingia Kiingereza, lakini huko ilikokwenda imebadilika, imekuwa kutembelea wanyama wa porini. Ukisema "I'm going on safari to Malindi" kumbe unaenda kumuona shangazi, mgeni atakuuliza kama huko kuna simba. Sema "I'm travelling to Malindi." "Hoteli" yetu inaweza kuwa kibanda cha viazi karai na mbaazi, "hotel" yao ina vitanda. Pa kula tu ni "restaurant" au "café".

Kutojua kwamba Kiingereza cha Kenya kina maneno yake. Tukiwa wenyewe "stage" ni kituo cha matatu na "slippers" ni ndala. Hakuna ubaya, ndivyo tunavyoelewana. Mgeni wa Uingereza ukimwambia "meet me at the stage" atatafuta jukwaa na wanamuziki. Yeye mpe "bus stop", na ndala mpe "flip-flops". Mmarekani na Mwingereza wenyewe hawaelewani: chipsi za Mwingereza ni "chips", za Mmarekani ni "fries". Mhudumu wa hoteli ajue zote mbili.

Kusoma herufi kama Kiswahili. Sisi tunasoma kilichoandikwa, wao wanaficha. "Island", ambalo utalihitaji sana kwa kuwa mji wenyewe ni kisiwa, halina sauti ya "s". "Receipt" haina "p", "debt" haina "b". Na mkazo hauko silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, kila neno lina pake. Kwa hivyo kadi isiingie boksini kabla hujalisikia neno likitamkwa, kwenye kamusi ya simu au redioni.

Ukikwama

*Neno nalijua, mdomo haufunguki.* Ulilijifunza kwa macho. Rudi hatua ya 4, ulitamke mkono ukiwa kazini, mara kumi, kwa sauti ya kawaida na si ya kunong'ona.

*Nasahau baada ya siku mbili.* Tazama kadi. Kama mbele kuna neno tupu badala ya hali, iandike upya. Kama hali ipo lakini haikuhusu, itupe. Asiyewahi kwenda benki asiweke kadi za benki.

*Wageni wanasema mbio mno.* Usiitikie "yes" kwa aibu, ndiyo hiyo inayoleta matatizo. Kariri moja tu: "Sorry, could you say that again, more slowly?" Hapa "sorry" iko mahali pake.

*Neno silijui kabisa na mtu ananisubiri.* Lizunguke. Mbuzi ya nazi ni "the thing we use for grating coconut". Kwa hili maneno matatu yatakuvusha mbali: "the thing for", "the person who", "the place where".

*Nimelisikia kwenye filamu, nikalitumia, watu wakanyamaza.* Huenda ni tusi. Kamusi nzuri huweka alama kwamba neno ni la mtaani au linaudhi. Mpaka ulione hapo, usilipeleke kazini.

*Wenzangu barazani wananicheka, ati najifanya mzungu.* Wape kazi. Mmoja awe mteja mgumu asiyetaka kulipa. Nimeona baraza zima la Majengo likibishana bei ya samaki kwa Kiingereza, kahawa inapoa, aliyeanza kucheka ndiye aliyekataa kuondoka.

*Umri.* Mzee wangu, shikamoo. Kijana anakariri upesi, lakini shughuli zako ni nyingi kuliko zake: umenunua kiwanja, umelea, umeuguza, umefanya kazi bandarini. Sentensi kumi za kwanza utazipata upesi kuliko yeye. Chukua kadi tatu kwa siku badala ya tano, na maandishi yawe makubwa.

*Nihamie lini shughuli ya pili?* Vuka feri asubuhi moja ukijisemea sentensi zote kumi kichwani, daftari likiwa mfukoni. Zikitoka zote kabla hujafika ng'ambo, kesho fungua ukurasa wa matatu.